Maswali ya Wasomaji: Usalama wa Simu za Ofisi Zinazopita Kwenye Intaneti

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia mitambo ya mawasiliano katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Swichibodi yetu ni Asterisk ya zamani. Fundi anatuambia kwamba tukihamia toleo jipya itabidi mipangilio yote ya SIP (lugha ambayo mitambo ya simu za intaneti hutumia kuanzisha na kukata simu) iandikwe upya, na kwamba tukishawasha TLS (njia ya kusimba mawasiliano, yaani kuyageuza yasisomeke na wengine) hatutakuwa na sababu ya kuwahofia wadukuzi. Je, yote mawili ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: La kwanza ni kweli kwa sehemu kubwa. La pili si kweli, nalo ndilo linalostahili maelezo marefu.

Asterisk, programu huria iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, ilishughulikia SIP kwa miaka mingi kupitia moduli ya chan_sip. Moduli mpya, chan_pjsip, iliingia katika toleo la 12 mwaka 2013, na ile ya zamani ikaondolewa kabisa katika toleo la 21 mwaka 2023. Kunakili faili za mipangilio hakutoshi, kwa kuwa maelezo ya simu moja, ambayo zamani yalikaa katika fungu moja, sasa yamegawanywa katika mafungu kadhaa. Ipo skripti ya kuyageuza inayokuja na Asterisk yenyewe, lakini matokeo yake yapitiwe mstari kwa mstari kabla ya kutumika.

Kuhusu TLS, simu ya namna hii hupita njia mbili. Ya kwanza hubeba ishara, yaani nani anampigia nani, simu inaita, imepokewa, imekatwa. Hiyo ndiyo kazi ya SIP. Ya pili hubeba sauti. TLS, ambayo kwa kawaida hutumia mlango namba 5061 badala ya 5060, husimba njia ya kwanza tu. Mtu aliyeingia katika mtandao wenu akiwa na programu ya kunasa pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni), kama vile Wireshark, hataziona tena namba zilizopigwa, ila mazungumzo atayasikiliza bila shida. Sauti inasimbwa kwa SRTP, itifaki iliyochapishwa mwaka 2004, ambayo inabidi iwashwe kando katika mipangilio.

SRTP nayo inahitaji ufunguo unaojulikana na pande zote mbili. Katika mtindo wa SDES, ufunguo huo huandikwa ndani ya ujumbe wa SIP wenyewe, kwa hiyo kuwasha SRTP ya SDES bila TLS ni sawa na kufunga mlango na kuuacha ufunguo kitasani. Mtindo wa DTLS hupatanisha ufunguo katika njia ya sauti, na ndio unaotumiwa na simu zinazopigwa kwenye kivinjari. Kwa kuwa simu nyingi za mezani huelewa SDES, ofisi kama yenu itatosheka nayo, mradi TLS na SRTP ziwashwe kwa pamoja. Hata hivyo, ulinzi huo huishia kwenye swichibodi. Kutoka hapo hadi kwa mtoa huduma wa laini za nje ni hatua nyingine, na asipokubali usimbaji, sauti itatoka wazi.

Angalieni pia saa za simu: baada ya umeme kukatika, simu iliyoamka na tarehe isiyo sahihi inaweza kukikataa cheti cha seva (hati ya kidijitali ya TLS inayoitambulisha seva, yenye muda maalumu) na kushindwa kujisajili. Seva ya saa ndani ya ofisi huondoa usumbufu huo.

Baada ya hayo yote, wizi unaoumiza kampuni kwa kawaida hauhitaji kusikiliza simu ya mtu. Ziko programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikitafuta swichibodi zilizo wazi na kujaribu ekstensheni (namba ya simu ya ndani) 100 yenye nywila 100. Zikifanikiwa, mwishoni mwa wiki hupigwa simu za nje kwenda namba za gharama kubwa ambazo mwizi hupata mgawo wa malipo yake, na TLS itazibeba simu hizo kwa uaminifu uleule inaobeba zenu. Fundi aanze hapa, kabla ya vyeti: nywila ndefu zisizobahatishika, usajili kutoka anwani zinazojulikana tu, na nchi msizofanya nazo biashara zifungwe. Mwombeni pia mtoa huduma awawekee kikomo cha gharama kwa siku.

SWALI: Nimesikia kwamba Marekani simu hutiwa sahihi ya kidijitali. Je, swichibodi mpya itatukinga na namba za kughushi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Mfumo huo unaitwa STIR/SHAKEN, na kampuni kubwa za simu za Marekani zilitakiwa kuutumia kuanzia tarehe 30 Juni 2021. Kampuni inayoanzisha simu huithibitisha namba kwa sahihi inayosafiri ndani ya ujumbe wa SIP, na sahihi hiyo hupotea simu ikipita katika mtambo wa zamani usiotumia IP (itifaki ya intaneti). Asterisk ya sasa ina moduli yake, lakini kuiwasha hakutawasaidia ikiwa kampuni yenu ya simu haishiriki. Kwa sasa, mhasibu anayepigiwa kwa namba ya mkurugenzi na kuagizwa alipe fedha akate simu, kisha ampigie mkurugenzi yeye mwenyewe.