Jibu: Ya nini kupima vinasaba vya sili wakati wanahesabika?

Ndugu, umeuliza vinasaba vina faida gani ikiwa sili (mnyama wa majini anayenyonyesha) waliobaki unaweza kuwahesabu kwa macho. Chukua sili wa Ziwa Saimaa, Ufini. Walitengwa na bahari takriban miaka 9,500 iliyopita, baada ya barafu kuyeyuka na nchi kavu kuinuka. Miaka ya 1980 walikuwa chini ya 200. Sasa wamepita 400. Kwa idadi tu, utasema hali ni shwari.

Vinasaba vinasema mengine. Kwanza, sili hawa wanafanana mno kijenetiki. Pili, ziwa lenyewe limejaa visiwa na njia nyembamba za maji, kama mtaa wa vichochoro, hivyo wa upande huu huchanganyika kidogo na wa upande ule. Kwa hiyo hao 400 si kundi moja, ni vikundi vidogo, na kikundi kidogo huishia kuzaana ndugu kwa ndugu. Kuhesabu hakukuonyeshi hilo.

Kilichonifurahisha zaidi ni sampuli. Jike huzaa ndani ya pango la theluji juu ya barafu, kisha baadaye wapiga mbizi huokota kondo la nyuma majini. Hakuna sili anayekamatwa, na vinasaba vya mitokondria, vile ambavyo mtoto hurithi kwa mama tu, vinakuonyesha ukoo wa mama.

Kuhamisha sili toka kikundi hadi kikundi ili kuchanganya vinasaba kunawezekana, ila mimi ningeanza na nyavu za wavuvi. Mtoto aliyefia wavuni hapeleki vinasaba popote.