Programu haitaokoa santuri iliyochezwa vibaya

SWALI: Nina lebo ndogo ya muziki hapa Mombasa. Nimepata santuri 11 za inchi 7 za Morogoro Jazz, bendi ya Tanzania, enzi za mpiga gitaa na mwimbaji Mbaraka Mwinshehe, baadhi zina mikwaruzo mingi. Nataka kuzitoa upya kwenye LP (santuri kubwa) moja na mtandaoni. Kijana mmoja amenihakikishia kwamba nikimpa faili tu, hata lililotoka kwenye mashine ya santuri ya sanduku, programu ya akili mnemba itafuta kelele zote, itaigeuza mono (sauti ya chaneli moja) kuwa stereo na kuipa besi ya kisasa. Nimpe kazi? Na miaka 50 ikishapita, si nyimbo ni za kila mtu?

JIBU: Usimpe. Huenda bei yake ni nzuri, lakini anakuuzia imani kwamba sauti iko kwenye programu. Sauti iko kwenye mfereji wa santuri. Kile ambacho sindano haikukitoa, kompyuta haitakirudisha. Itabuni kitu cha kufanana nacho, na wewe utakibandika jina la Morogoro Jazz.

Anza na kuosha. Tumia maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri (maji, si asidi), na tone moja la sabuni isiyo na manukato. Brashi laini ifuate mzunguko wa mfereji, lebo ya karatasi ikingwe, kisha suuza, nyonya maji na uache ikauke kabisa. Wanaocheza santuri ikiwa mbichi ili mikwaruzo ipungue wanatengeneza tope litakaloganda humo ndani. Na kama kuna sahani za 78, zile za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, katika mzigo wako, spiriti isizikaribie: itayeyusha sahani yenyewe.

Mashine ya sanduku hukandamiza kwa gramu 5 hivi, na sindano yake hupita palepale palipokwisha kulika. Tafuta mashine yenye katriji (kichwa kinachoshika sindano) ya sumaku, uzito wa gramu 1.5 hadi 2.5, na sindano zaidi ya moja. Jaribu ya duara ya mikroni 25, ambayo ndiyo ya mono, halafu ya mikroni 18, halafu ya duaradufu. Kila moja hukaa kwenye kimo chake cha ukuta wa mfereji, na mara nyingi kipo kimo ambacho sindano za zamani hazikukichakaza. Tofauti kati ya sindano mbili kwenye upande uleule wa santuri huzidi chochote atakachokufanyia huyo kijana.

Ingawa muziki ni mono, rekodi chaneli zote mbili, biti 24 na kHz 96, kilele (sauti kubwa kuliko zote) kisipite desibeli -6. Sikiliza kila chaneli peke yake, kwa kuwa kila moja hutoka kwenye ukuta wake wa mfereji. Ukuta mmoja ukiwa umeharibika, tumia ule mwingine. Zikilingana, zichanganye ziwe mono, na ile ngurumo ya sindano kurushwa juu na chini itajifuta yenyewe kwa sehemu kubwa, bila programu.

Angalia tundu la katikati. Likikaa pembeni kwa milimita 1 tu, sauti hupanda na kushuka kwa karibu asilimia 1.7 kila mzunguko, karibu theluthi ya nusu toni. Gitaa la solo litasikika kama la mtu asiyejua kutuni. Dawa yake ni kulegeza tundu kidogo na kuisogeza sahani hadi mkono wa mashine uache kuyumba.

Mwendo nao usiuamini. Umeme wa Kenya na Tanzania ni Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), na mara nyingi mvumo wake umenasa ndani ya rekodi. Ukiuona kwenye kompyuta umekaa Hz 51.5, muziki unakwenda kasi kwa asilimia 3, nusu ya nusu toni. Usiuchanganye na mvumo wa mashine yako mwenyewe, ambao hubaki kwenye 50 hata ukibadilisha mwendo wa sahani.

Programu inaingia sasa, na kwa adabu. Milio ya "tak" iondoe kwanza, mmoja mmoja pale palipo na tarumbeta, kwa sababu mpulizo mkali wa tarumbeta kwenye kompyuta unafanana mno na mkwaruzo. Programu ikiachiwa itaunyoa, na shaba itageuka bati. Kelele ya "shhh" ipunguze kwa desibeli 3, sana sana 6. Manyanga, pumzi ya saksafoni na ncha za gitaa la rizimu viko kwenye masafa yaleyale ya hiyo "shhh". Ukiifuta yote, unazika vyote pamoja. Kipimo ni rahisi: sikiliza kile kilichoondolewa peke yake. Ukisikia manyanga yanachezwa humo, umevuka mpaka.

Kama wimbo umekatwa sehemu ya 1 na ya 2, usiunganishe kwa kufumba macho. Sehemu ya 1 inaishia karibu na lebo, ambako mfereji unapita chini ya sindano kwa sentimita 25 hivi kwa sekunde. Sehemu ya 2 inaanzia ukingoni, kwa karibu 40. Ukiziunga bila kulinganisha ung'avu na mwendo, wimbo utaruka kama umefunguliwa dirisha katikati ya chemko, pale muziki unapopamba moto.

Habari ya stereo ya kubuni ni ugonjwa wa zamani. Miaka ya 60 Capitol ya Marekani iliwafanyia hivyo Beatles: mono ikagawanywa, masikio mawili yakapewa masafa tofauti na ucheleweshaji kidogo. Leo wasikilizaji wanatafuta mono ileile iliyoharibiwa. Akili mnemba inatenganisha ala kwanza, na hapo saksafoni huvuka ikajiunga na waimbaji, tumba likayeyukia kwenye besi. Iache mono.

Hesabu yako ya LP pia haikai. Santuri 11 ni pande 22. Kwa dakika 3 kila upande ni dakika 66. LP inabeba vizuri dakika 20 kila upande. Chagua, au toa mbili.

Kuhusu haki, nitakuwa mfupi. Miaka 50 ya rekodi na haki ya utunzi ni vitu viwili. Kenya na Tanzania, utunzi unalindwa kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada yake. Mbaraka alifariki Januari 1979, kwa hiyo nyimbo alizotunga zinalindwa hadi mwisho wa 2029, na wenzake waliotunga wana tarehe zao. Mtandaoni unauza Ulaya na Marekani pia, ambako rekodi yenyewe huweza kulindwa kwa muda mrefu zaidi. Anza na warithi na COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, kisha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kabla ya kuchapa jalada.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba faili hizi zilizonyolewa zinanakiliwa na kuuzwa tena, na mwenye santuri huzitupa sahani zake akidhani sasa "zimehifadhiwa". Fundi yeyote utakayempa kazi, awe kijana mwingine au studio yenye kiyoyozi, mdai vitu viwili kabla ya malipo ya mwisho: faili ghafi la kila upande kabla halijaguswa, na faili la kelele alizoondoa. Akisema la kwanza amelifuta kwa kuwa lilijaza diski, na la pili hajui ni kitu gani, chukua santuri zako.