i7 ya zamani au Ryzen 5? Soma namba yote

SWALI: Nataka laptopu iliyotumika, ya uhasibu na kukata video fupi. Nimeonyeshwa mbili za bei moja, zote RAM GB 8: moja ina prosesa ya Intel, Core i7-7500U, nyingine ya AMD, Ryzen 5 4500U. Muuzaji anasema nichukue i7, eti AMD huchemka. Ni kweli?

JIBU: Chukua Ryzen. Hiyo i7 ni ya 2016 na ina kori 2 tu (kori ni kiini cha prosesa kinachofanya kazi). 4500U ni ya 2020, ina kori 6. Tena 7500U haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025.

Kauli ya "i7 ni i7" inawatia watu hasara kila siku. Hizo 3, 5 na 7 hupanga madaraja ndani ya kizazi kimoja tu. Intel yenyewe ilitoa i5-8250U mwaka 2017 ikiwa na kori 4, mara mbili ya i7 ya mwaka uliotangulia. Mwaka huohuo AMD ilirudi vitani na Ryzen. Nayo AMD isome kwa makini: Ryzen 5 7520U inaonekana mpya, kumbe kori zake 4 ni za Zen 2, usanifu (muundo wa ndani) uleule wa 4500U. Kwenye prosesa za laptopu za mfululizo wa 7000, tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja kizazi cha Zen.

Kuhusu joto, zote mbili zimepangiwa kutoa joto la wati 15. Sifa ya kuchemka ni ya chipu za AMD za kabla ya Ryzen. Laptopu kuukuu ikichemka, fungua kwanza uone vumbi la feni na pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa.

Usiamini stika, hubandikwa na yeyote. Hata jina unaloliona ndani ya Windows linaweza kughushiwa. Washa mashine ukibonyeza F10 kwa HP au F2 kwa Dell, usome jina la prosesa kwenye BIOS (programu inayowasha mashine kabla ya Windows) kabla ya kutoa hela.

Na fundi akikuahidi "kupandisha" i5 iwe i7, mkatalie. Prosesa hizi zenye U mwishoni mwa jina zimechomelewa kwenye bodi. Kuibandua kunataka mashine maalumu, na BIOS inaweza kuikataa mpya. Pesa hiyo nunulia RAM. Grafiki (sehemu inayochora picha) za 4500U hutumia RAM ya mashine, hivyo kijiti cha pili cha RAM cha GB 8, aina ya DDR4, huisaidia mno kwenye video. Hakikisha kwanza kuna nafasi ya kukichomeka, maana baadhi ya modeli RAM yake nayo imechomelewa.