Je, muziki unaoupenda unaonyesha siasa zako?

Mkuu, umeuliza kwa nini ukitaja tu kwamba unasikiliza kantri, muziki wenye asili ya mashambani Marekani, wanamuziki wenzako wanakuhesabu mhafidhina na kukuona mshamba. Hujakosea popote, na jambo hili linaniudhi mno.

Tazama Ramones, bendi ya Marekani ya panki, yaani roki ya kasi na ya uasi, iliyopiga tangu 1974 hadi 1996. Wengi hudhani panki ni mrengo wa kushoto tu, lakini mpiga gitaa wao, Johnny, alikuwa mfuasi wa kutupwa wa Republican, chama cha wahafidhina Marekani. Mwaka 2002, bendi ilipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la kuwaenzi wanamuziki wa roki, alimwombea Rais George W. Bush wa chama hicho baraka za Mungu palepale jukwaani. Mwimbaji Joey alikuwa upande wa pili kabisa. Wakapiga pamoja miaka 22! Huku kwenye kantri, kundi la The Chicks lilimkosoa Bush huyohuyo jijini London mwaka 2003, redio nyingi za Marekani zikaacha kupiga nyimbo zao. Na banjo, ala ya nyuzi ya kantri inayodhaniwa kuwa ya Wazungu wa mashambani, asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani.

Kinachoniuma zaidi ni dharau iliyojificha humo. Anayesema "nasikiliza kila kitu isipokuwa kantri" mara nyingi hazungumzii muziki, anawazungumzia watu: wa vijijini, vibarua, wasiosoma sana. Siasa ni kisingizio.

Wakikuanza tena, wawekee wimbo mmoja kisha waulize wamesikia nini kwenye gitaa na sauti. Mimi nimefanya hivyo na wenzangu wa mazoezi, na wawili wamekwishaniomba rekodi.