Umeachiwa programu ya vihatarishi, uiapdeti au uiache?

Habari mkuu. Mimi ni afisa TEHAMA kwenye shirika linalonunua na kuhifadhi nafaka hapa Dodoma, ofisi yetu ipo Kizota. Tuna programu ya kutathmini vihatarishi, ni programu huria, yaani msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) upo wazi kwa yeyote kuuchukua na kuubadilisha, inafunguliwa kwenye brauza tu. Aliyeifunga alishahamia Dar na kabla hajaondoka aliingia ndani ya msimbo akabadilisha fomu na ripoti zikae kama bosi anavyotaka. Ipo kwenye PHP 7.4 (lugha iliyoandikiwa) na MySQL 5.7 (kanzidata inayotunza taarifa zake), watu wanaitumia kila robo mwaka kuandaa rejista ya vihatarishi na haijawahi kusumbua. Naogopa nikiapdeti itavunjika, wenzangu nao wanasema kitu kinafanya kazi usikiguse. Nifanyeje?
Afisa TEHAMA, Kizota

Ndugu yangu, kuigusa utaigusa tu, cha kuamua ni lini na kwa utaratibu gani. PHP 7.4 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022, MySQL 5.7 ikafuata Oktoba 2023, kwa hiyo tundu likigundulika leo waliotengeneza hawatoi tena kiraka, yaani marekebisho ya kuliziba. Wenzako wakibisha waambie habari ya Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, mwaka 2017, kiraka cha Apache Struts (programu huria ya kujengea tovuti) kilishatoka Machi, wao mfumo wao mmoja ukabaki haujawekewa, Mei wezi wakaingia na taarifa za watu karibu milioni 147 zikaibiwa. Na nyie mlichonacho humo ni rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya mahali mlipo dhaifu mmeiandika wenyewe kwa mkono wenu, hiyo mtu mbaya akiipata hana haja ya kuwapeleleza tena.

Anza kwa kujua jamaa alibadilisha nini. Daunlodi toleo lile lile mlilonalo likiwa la asili, linganisha na lenu kwa git diff (amri inayoonyesha mistari iliyotofautiana), halafu kila mstari uliotofautiana uandikie sababu yake. Utakuta mengine ni nembo na rangi tu, hayo yatoe kwenye msimbo yakakae kwenye mipangilio. Mengine ni bagi (hitilafu za msimbo) alizoziba kimya kimya, hizo angalia matoleo mapya kwanza maana nyingi watunzaji wa mradi wanakuwa wameshaziziba, na ambazo bado wapelekee marekebisho yenu, wakiyakubali hutayabeba tena kila toleo jipya likitoka. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama na programu huria, wanachukua bure halafu wanabadilisha peke yao, baada ya miaka miwili wana kitu ambacho hakifanani na cha mtu yeyote duniani na hakuna wa kumuuliza.

Bakapu piga kabla ya yote, na usiishie kwenye mysqldump (amri ya kunakili kanzidata), kuna folda ya viambatisho, zile barua na picha za ukaguzi mara nyingi hazikai kwenye kanzidata. Irudishe yote kwenye mashine nyingine ufungue rejista ya robo iliyopita uone imekuja kamili.

Sasa kuna jambo naomba ulishike kuliko yote. Programu ya namna hii ikizima kabisa sio balaa kubwa, watu watapiga simu utaiwasha. Balaa ni ikiendelea kuwaka huku inakokotoa vibaya. Nikupe mfano. Kwenye PHP 7 ukiuliza kama maandishi matupu, yaani sehemu ya fomu iliyoachwa bila kujazwa, ni sawa na 0 inajibu ndiyo, kuanzia PHP 8 inajibu hapana. Chukua kihatarishi cha sumukuvu (sumu ya ukungu) kwenye mahindi, uwezekano 4, athari mtu kasahau kujaza. Kama msimbo wenu unasema athari ikiwa sawa na 0 andika haijatathminiwa, hapo awali ilikuwa sawa. Ukihamia PHP 8 lile sharti linarukwa, mbele pale patupu panageuzwa kuwa namba 0, 4 mara 0 ni 0, kihatarishi kinakaa kijani, kama vile hakina hatari, mwisho wa orodha na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Wakati athari ikijazwa 5 ni alama 20, nyekundu kabisa. Na sumukuvu hiyo hiyo iliua watu hapa Dodoma na Manyara mwaka 2016, sio kitu cha kukaa kijani kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo kaa na mkaguzi wa ndani, chagueni vihatarishi kumi na tano hivi ambavyo alama zake mnazijua na mnakubaliana nazo, weka na vyenye sehemu tupu na vinavyokaribia kuvuka rangi. Vipitishe kwenye toleo la zamani, kisha kwenye seva ya majaribio yenye toleo jipya, alama hata moja ikitofautiana usiende mbele mpaka ujue kwa nini. Toleo la PHP chagua lile mradi wenyewe unalosema unalikubali, na kazi hii ifanye katikati ya robo, sio wiki ya rejista.

*

Bosi wangu hataki programu huria, anasema msimbo upo wazi kwa dunia nzima kwa hiyo na vihatarishi vyetu vitaonekana.
Msomaji, Singida

Mwambie kilicho wazi ni msimbo, taarifa zenu zinakaa kwenye seva yenu. Zinavuja kwa njia nyingine, kwa mfano faili la mipangilio lenye nywila ya kanzidata linapandishwa GitHub (tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana msimbo) bila mtu kujua, na hata mkilifuta linabaki kwenye historia ya Git, kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, hapo dawa ni kubadilisha nywila siku hiyo hiyo. Kama kuna majina ya watu humo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu bila kujali programu ni huria au ya kununua. Halafu angalieni leseni, ikiwa ni AGPL (aina mojawapo ya leseni za programu huria) na mmebadilisha msimbo, wanaoitumia kupitia mtandao wana haki ya kupewa msimbo huo.

*

Shikamoo. Nasoma UDOM, natamani kuchangia miradi kama hii ila kuandika programu bado sijawa vizuri.
Mwanafunzi, Ng'ong'ona

Marahaba mdogo wangu. Chukua ripoti za hitilafu ambazo hazijajibiwa, jaribu kuzirudia kwenye kompyuta yako, kisha andika toleo ulilotumia, brauza, hatua moja moja ulizofuata, ulichotegemea na kilichotokea. Tumia taarifa za kubuni, usibandike picha ya rejista ya ofisi ya mtu. Watunzaji wengi wanafanya kazi hii usiku baada ya ajira zao, ripoti ikija imenyooka hivyo bagi inazibwa mapema, na ukisoma jinsi walivyoiziba unajifunza kuandika programu humo humo.