Betri kwenye sola ya nyumbani: piga kwanza hesabu ya usiku

Mkuu, umesema paneli ziko juu ya bati tayari, inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani) ni ile isiyotumia betri, na fundi anakusukuma ununue ya lithiamu ili "uokoe hela ya LUKU". Mimi niko Mbezi, ninayo betri, na hela ya LUKU siyo iliyonifanya niinunue.

Saa kumi na mbili jioni nenda kwenye mita uandike uniti zilizobaki. Asubuhi saa kumi na mbili, kabla mtu hajachomeka pasi, soma tena. Kwangu jioni ilisoma 41.3, asubuhi 37.6. Hapo kuna friza, feni mbili, TV na taa ya nje. Uniti 3.7. Kwa tarifu ya kawaida uniti moja na makodi yake ni kama sh. 357, kwa hiyo betri ikibeba usiku mzima inaokoa sh. 1,320 hivi, kwa mwaka ni laki nne na themanini. Chukua bei ya betri uliyotajiwa Kariakoo, ongeza ya fundi, gawanya kwa hiyo ya mwaka, utajua ni miaka mingapi hela yako irudi. Kama uko D1, ile tarifu ya watumiaji wadogo yenye uniti 75 za bei nafuu, utaokoa kidogo sana, hata usijisumbue kugawanya.

Mimi nilinunua kwa sababu ya umeme kukatika. Tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha Februari 2024, mgao si ule tena, lakini nguzo na nyaya za mtaani ni zilezile. Ikija mvua ya upepo tunalala giza. Na hiyo inveta yako, umeme ukikatika nayo inazima, hata jua la saa saba liwe linachoma vipi. Si mbovu. Imetengenezwa hivyo isije ikarudisha umeme kwenye laini wakati kuna mtu juu ya nguzo. Sisi nyumbani tunauza vibua vya kwenye friza. Kibua kikiyeyuka kikagandishwa tena, mteja anakibonyeza tumboni tu, anakirudisha. Vibua vya friza moja vikiharibika hivyo, hasara yake huifidii kwa tokeni za LUKU ulizookoa.

Ukiamua kununua, muulize fundi kama inveta uliyonayo inapokea betri. Nyingi za aina yako hazipokei, kwa hiyo kuna haibridi, inveta inayopokea paneli na betri, ya kununua pia, na mafundi wengine hulitaja hilo mzigo ukishafika getini.

Usidanganywe na Ah (ampea-saa) iliyoandikwa kwenye betri; zidisha kwa volti, gawanya kwa 1,000, upate uniti. Betri nne za jeli za 12V 200Ah ni uniti 9.6 kwenye karatasi, ila ukitaka zidumu tumia nusu, 4.8. Lithiamu moja ya 51.2V 100Ah ni uniti 5.1, na unaweza kutumia mpaka asilimia 90. Zinakaribiana kabisa, ila jeli huchoka haraka kwa joto letu, hasa ukiziweka stoo ya bati.

Weka hapa namba zako za jioni na asubuhi, na jina la inveta.