Umri Haulingani: Je, Ni Mtu Mmoja au Wawili?

SWALI: Ndugu Mhariri, natafuta nasaba ya mama yangu, ambayo chimbuko lake ni Uingereza. Nimepata cheti cha ndoa cha mmoja wa wahenga wetu cha mwaka 1843. Umri wake haukutajwa kwa tarakimu, ila imeandikwa kwamba ni mtu mzima, na baba yake ametajwa kwa jina kuwa mhunzi. Sensa ya 1841 ina mtu wa jina hilo mwenye miaka 20, lakini sensa ya 1851 inampa miaka 32. Je, nimechanganya watu wawili?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usimwache mtu huyo, kwa sababu takwimu ulizonazo hazipingani hata kidogo. Makarani wa sensa ya 1841 waliagizwa kuushusha umri wa kila aliyezidi miaka 15 hadi kwenye tano iliyotangulia, hivyo mwenye miaka 20 na mwenye 24 wote waliandikwa 20. Aliyekuwa na miaka 32 siku ya sensa ya 1851, yaani tarehe 30 Machi, alikuwa na miaka 22 au 23 tarehe 6 Juni 1841, na kwa agizo lile angeandikwa 20 kama ulivyomkuta. Neno “mtu mzima” katika cheti nalo lina maana ya kisheria tu, kwamba alikwisha kutimiza miaka 21 na hakuhitaji ridhaa ya wazazi.

Hata hivyo, umri kulingana si ushahidi wa kutosha, hasa ikiwa jina lake ni la kawaida. Sensa ya 1841 haielezi uhusiano wa watu na mkuu wa kaya, na kuhusu mahali pa kuzaliwa inasema tu kama mtu alizaliwa katika kaunti ile ile au la. Kwa hiyo mwanamume na mwanamke waliotajwa juu ya jina lake wanaweza kuwa wazazi wake, lakini pia wanaweza kuwa mjomba na mkewe, au tajiri aliyemwajiri. Nimeona koo nzima zikiunganishwa kimakosa kwa dhana hiyo, na inasikitisha, kwa kuwa sensa ya 1851 inataja waziwazi uhusiano huo pamoja na parokia aliyozaliwa mtu.

Anzia basi kwenye parokia hiyo. Tangu 1813 madaftari ya ubatizo ya Kanisa la Anglikana yalikuwa na fomu zilizochapwa, zenye majina ya wazazi, makazi yao na kazi ya baba. Tafuta kuanzia mwaka 1818, ukiendelea miaka kadhaa mbele kwa sababu wengine walibatizwa wakiwa wakubwa, na umtazame baba: ukikuta jina lile lile la kwenye cheti, tena mhunzi, hapo una kiungo cha kutegemewa kuliko umri wowote. Usipompata, huenda familia ilikuwa ya madhehebu mengine ya Kiprotestanti, ambayo mengi ya madaftari yao ya kabla ya 1837 yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London.

Wakague pia mashahidi wa ndoa, maana mara nyingi walikuwa ndugu wa maharusi.